Wimbo wa Nane Haurekodiwi

Machi 9, Jumamosi

Mvua ya kwanza imenikuta njiani natoka kwa Mwalimu, nikaingia nyumbani viatu mkononi. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. "Mtu mzima unalowa kwa ajili ya wimbo mmoja!" Nikamwambia yeye hukaa saa mbili akitazama wanaume ishirini na wawili wakigombania mpira ambao hata hawarudi nao nyumbani. Akanitupia taulo.

Mimi hutengeneza meno ya bandia. Siku nzima midomo ya watu iko wazi na wangu umefungwa, ndiyo maana nimenunua daftari hili. Maneno nayo yanataka pa kwenda.

Tuko wanne. Mwalimu, aliyestaafu kufundisha na kubaki peke yake na makabati yake, ndiye mkubwa wetu. Katibu ni mtu wa posta, huandika kumbukumbu za kikao hata siku tuliyozungumzia mvua tu. Kinyozi ndiye mdogo wetu, mwenye mdomo usio na breki. Wa nne ni mimi, wanayeniita Fundi. Kila Jumamosi tunakutana kusikiliza sahani za santuri, na kilichotukutanisha ni albamu moja. Kampuni iliyoitoa, sisi tukiwa watoto, iliitoa kwa matoleo manne, moja kwa kila pembe ya nchi. Nyimbo saba ni zilezile kote. Wa nane ni wa pembe hiyo peke yake. Aliyenunua ya Kaskazini hakuwahi kusikia wimbo wa nane wa Kusini, labda awe na shangazi huko. Ulikuwa ujanja wa biashara tu, lakini tazama ulichotufanyia: miaka arobaini imepita na bado tunafunga safari.

Mimi ninayo ya Mashariki. Katibu anayo ya Kaskazini. Mdogo wangu wa tumbo moja, anayeishi mbali huko, anayo ya Kusini. Mwalimu anayo ya Magharibi, na hiyo ndiyo adimu kuliko zote, maana lori lililoibeba lilitumbukia mtoni na zikaokolewa sahani za kuhesabika. Kinyozi hana hata moja. Anasema yeye amekusanya masikio.

Sheria yetu ni moja, Katibu ameiandika kwenye kadibodi na kuitundika sebuleni kwa Mwalimu: WIMBO WA NANE HAUREKODIWI. UNAFUATWA. Mwenye toleo anakaribisha, wewe unakwenda, unakaa, unasikiliza, unaondoka nao kichwani. Leo Kinyozi aliichokonoa tena. "Mwalimu, dunia imeshahama. Siku hizi wimbo unao mfukoni kabla hujajua jina lake."

"Ndiyo maana hukumbuki hata mmoja," akajibu Mwalimu.

Tulicheka. Mwezi ujao anakuja mgeni kutoka Kaskazini, mkusanyaji wa siku nyingi, safari ya siku mbili kwa ajili ya dakika nne. Mwalimu ameshaanza kufua mapazia.

Machi 12, Jumanne

Mvua. Seti tatu za meno, moja imekataa kukaa.

Machi 14, Alhamisi

Nimefanya jambo.

Mwalimu alinipigia asubuhi, meno ya chini yanambana. Nilikwenda na kifaa changu kidogo cha kusagia, nikavaa koti la kazi na glavu, nikamsawazishia upande wa kushoto. Dakika kumi, kazi kwisha. Mvua ilikuwa inamwagika, na karibu na kabati dari lilikuwa linavuja. Mwalimu alikuwa ameweka beseni.

"Sina cha kukupa," akasema, akijaribu kuuma hewa. "Ngoja nikupigie wa nane, wako peke yako."

Akanipa mgongo ili aitoe sahani kwenye ganda lake. Hutumia muda mrefu, huishika kwa viganja kama mtoto aliyetoka kuoga. Simu ilikuwa mfukoni mwa koti. Nilitaka kuandika hapa kwamba sikupanga, lakini nilivua glavu kwanza. Vidole vyenye glavu havibonyezi simu yangu, na hilo nalijua vizuri.

Ameniamini akanigeuzia mgongo. Dakika nne nilikaa nikitabasamu na moyo unanidunda mpaka nikaogopa utasikika kwenye rekodi.

Machi 15, Ijumaa

Nimeusikiliza mara tano kabla ya chakula cha mchana, nimejifungia chumba ninamokorogea plasta ya meno. Mara ya tano haukuwa kama mara ya kwanza. Nikajiambia ni spika ya simu.

Mdogo wangu kapiga. Sijui kwa nini nilimwambia. Labda siri inayonenepa hutafuta mlango.

"Dada, nitumie."

"Haiwezekani."

"Toka utotoni nimekuomba vitu mara ngapi?"

"Mara zote."

"Basi hii ya mwisho. Nausikia, naufuta."

Tulikua tukilala kitanda kimoja, tumebandika masikio ukutani kusikiliza redio ya jirani. Wimbo ukiisha yeye alilia. Nimemtumia.

Machi 16, Jumamosi

Kikao kwa Mwalimu. Beseni halipo. Kinyozi alipanda juu ya bati jana baada ya kazi, na lami na kipande cha bati, akaziba. Leo ametusimulia habari hiyo mara nne, na kila mara paa linazidi kuwa refu. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," anasema, utadhani methali kaitunga yeye.

Mwalimu akapiga wa nane kwa wote. Mvua ikinyesha nje, ndani pakavu. Nilimtazama Kinyozi akisikiliza, macho amefumba, mdomo wake safari hii umetulia. Nilisikia wivu. Yeye alikuwa anausikia, mimi nilikuwa nausubiri uishe.

Machi 20, Jumatano

Mvua.

Machi 22, Ijumaa

Mvua. Mdogo wangu hapokei simu.

Machi 27, Jumatano

Mume wangu kaingia na simu mkononi. "Mke wangu, huu si ule wimbo wenu wa kulowea?"

Uko kila mahali. Kundi la wakusanyaji la mtandaoni, watu elfu tatu wa kila pembe, wanapongezana tangu asubuhi. "Hatimaye! Wa nane wa Magharibi!" Nilikaa kitini na barakoa bado shingoni. Nilimpata mdogo wangu jioni, akaapa alimtumia rafiki yake mmoja tu, mtu mwaminifu. Nikamwambia hata mimi nilimtumia mmoja tu.  Maji yakimwagika hayazoleki.

Mume wangu ananitazama. Hajauliza.

Machi 30, Jumamosi

Nitaandika yote, maana leo nimejiona.

Katibu alifika na faili. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake, mikono mapajani, mdogo kuliko kawaida. Alisema hajausikiliza huo wa kwenye simu na hatausikiliza. Katibu akasema naye vivyo hivyo, na kwamba mjumbe yeyote asiusikilize, kwa heshima ya sheria.

"Ndugu wajumbe, kikulacho ki nguoni mwako," akaanza. Simu yangu ilikuwa kwenye mfuko uleule wa koti lilelile. Nikaweka mkono juu yake. Lakini Katibu alikuwa anamtazama Kinyozi. "Jumatano nilipita dukani kwako. Nilikuta wimbo unapigwa, nikageuka mlangoni. Kinyozi, hilo unalikana?"

"Mteja aliupiga kwenye simu yake. Nilikuwa na wembe shingoni kwa mtu, ulitaka nifanyeje?"

"Na nani siku zote alisema sheria imepitwa na wakati? Imo humu, nimeiandika mara sita."

"Kusema na kutenda ni viwili, Katibu."

"Basi sema. Ni wewe?"

Kinyozi alifungua mdomo. Mtu yule anaweza kuzungumza saa nzima kuhusu msumari. Alifungua mdomo, akanitazama mimi, akaufunga. Kisha akasema polepole, "Si mimi. Zaidi ya hapo sina neno."

Mimi nilikuwa nalo neno. Lilikuwa hapa, kwenye ulimi, nililihisi uzito wake. Nikalimeza.

Ikapigwa kura, Kinyozi afukuzwe au abaki. Katibu aliinua mkono. Mwalimu hakuinua, alitazama ukuta wenye kadibodi. Katibu akanigeukia. "Fundi?"

Niliinua mkono wangu.

Kinyozi alichukua mwavuli wake, akamwinamia Mwalimu. "Ile lami mvua ikizidi itatoka. Unipigie." Akaondoka. Katibu akaandika matokeo.

Aprili 2, Jumanne

Nimevunja seti ya mteja. 

Aprili 5, Ijumaa

Mgeni wa Kaskazini ameandika, Mwalimu kanisomea kwa simu bila kupandisha wala kushusha sauti. Anashukuru sana kwa ukarimu, lakini hali ya barabara, mvua, na tena wimbo ameshausikia. Mapazia yalikuwa yameshapigwa pasi.

Miaka yote nilidhani sisi tunaifuata ile sahani. Mwalimu hana mtoto, hana ndugu wa karibu. Toleo la Magharibi ndilo lililokuwa linamletea watu mlangoni, na mimi nimelisambaza mpaka hakuna haja ya mlango. Hilo silo nililoiba, lakini ndilo lililopotea.

Aprili 6, Jumamosi

Kikao cha watu watatu. Katibu alisoma kumbukumbu. Mwalimu hakupiga sahani. Dakika arobaini, tukaaga.

Aprili 9, Jumanne

Mvua, mvua, mvua. Naota meno.

Aprili 13, Jumamosi

Kikao hakikufanyika. Mwalimu anasema ana mafua.

Kwa kukosa la kufanya nilisoma wanayoandika kundini. Kuna mjadala mrefu kuhusu "kingoma." Wamegundua kwamba wa nane wa Magharibi una kingoma kidogo cha ajabu nyuma ya gitaa, kinapiga, kinangoja, kinapiga mara mbili, hakifuati mtu. Mmoja kaandika kurasa mbili kwamba hiyo ndiyo midundo ya wavuka mto wa Magharibi. Mwingine anadai kingoma kimefunikwa ngozi ya kenge. Wa tatu amechora picha yake. Wanasema toleo hili linayashinda yote kwa sababu ya kingoma hicho peke yake.

Mimi nimeusikia ule wimbo kwa Mwalimu labda mara thelathini. Hauna kingoma.

Nikaupiga. To. Kimya. To-to. Nikaanza kucheka, nilicheka peke yangu mpaka machozi. Ni beseni! Ni dari la Mwalimu linavuja kwenye beseni, na wasomi wa muziki wa nchi nzima wanalivisha ngozi ya kenge!

Kicheko kikanikatika katikati.

Beseni lilikuwepo Alhamisi. Ijumaa Kinyozi aliziba. Jumamosi aliposikiliza yeye, ndani palikuwa pakavu. Na Kinyozi ameusikia wa kwenye simu, dukani kwake, Katibu mwenyewe ni shahidi. Mtu aliyeziba tundu kwa mkono wake anashindwaje kulijua tone lake? Ameshajua kwamba ulinaswa kabla ya Ijumaa jioni. Na wiki ile, aliyekwenda kwa Mwalimu kabla ya Ijumaa ni mmoja, aliyekwenda kusaga meno. Mwalimu mwenyewe alimsimulia kila mtu jinsi nilivyomsaidia.

Siku ile alifungua mdomo, akanitazama mimi, akaufunga.

Aprili 14, Jumapili

Mume wangu katoka kunyoa. Akavua viatu, akasema, "Kinyozi anakusalimu. Anauliza kama kwetu kunavuja."

Nikasema hakuvuji.

"Ndivyo nilivyomjibu." Akanitazama muda mrefu. "Lakini hakucheka, na yule hucheka hata msibani."

Aprili 16, Jumanne

Mvua imepungua. Mimi bado.

Aprili 17, Jumatano

Nimekwenda. Alikuwa na mteja amempaka povu uso mzima, wembe mkononi. Nilikaa kwenye benchi. Redio ilikuwa imezimwa, jambo ambalo sijawahi kuliona pale.

"Karibu, dada," alisema bila kugeuka. "Umekuja kunyoa ndevu?"

Nikangoja mteja aoshwe, apuliziwe, ajitazame kushoto na kulia, aondoke. Ndipo nikasema, "Umejua tangu lini?"

"Tangu tone la pili." Alikuwa anaufuta wembe. "La kwanza nilidhani ni la hapa dukani."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema tone, wangeuliza nani alikuwepo Alhamisi. Nikaona hilo ni la mwenyewe kusema. Nikakupa nafasi, dada. Nilikutazama pale nikasema moyoni, sasa hivi atasema, huyu namjua." Akauweka wembe chini. "Ukainua mkono."

Nikautazama mkono wenyewe.

"Usidhani mimi malaika," akaendelea. "Nimekasirika kila siku. Asubuhi nikifungua duka nasema leo nakwenda kwa Katibu. Kisha namkumbuka mama yangu. Miaka minne alikuwa anakunywa uji tu, wewe ukamtengenezea meno, akatafuna mahindi mbele yangu huku ananitukana. Nafunga duka jioni sijakwenda. Lakini leo nakwambia, imebaki kidogo sana."

Nikamwomba aje nami Jumamosi. Akakataa. "Nimefukuzwa. Mimi siendi nisikokaribishwa."

Aprili 18, Alhamisi

Nimemwambia mume wangu yote. Alisikiliza, akainuka, akanitengenezea chai, akasema, "Jumamosi nitakusindikiza mpaka kona. Kona hiyo uipinde mwenyewe."

Aprili 20, Jumamosi

Nilisema nikiwa nimesimama, kabla Katibu hajafungua faili. Ni mimi. Alhamisi, tarehe kumi na nne, mfuko wa koti. Nikamtaja mdogo wangu, nikaeleza kingoma ni nini. Nilisema Kinyozi alijua akaninyamazia, na mimi nikapiga kura afukuzwe.

Katibu alikuwa ameshika kalamu. Hakuandika. Nadhani ni mara ya kwanza.

Mwalimu aliuliza jambo moja tu. "Ni nilipokugeuzia mgongo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Akaingiza vidole mdomoni, akayatoa meno ya chini, kazi ya mikono yangu, akayaweka mezani mbele yangu. Mashavu yakamwingia, uso ukawa wa mtu nisiyemjua. "Toka," akasema, na neno lenyewe likatoka limelainika, bila kingo. Sikuyagusa meno. Nilitoka. Mume wangu alikuwa bado kwenye kona, amelowa chapachapa.

Aprili 21, Jumapili

Nimeandika kundini, kwa watu elfu tatu, kwa jina langu: Hakuna kingoma. Ni dari lililokuwa linavuja kwenye beseni. Nilirekodi kwa siri nyumbani kwa mtu aliyeniamini. Mlichonacho si wimbo wa nane, ni wizi wangu na mvua. Unaotakiwa uko sebuleni kwake, na unafuatwa.

Wamenitukana mpaka saa sita mchana. Mwenye kenge ndiye amekasirika kuliko wote.

Aprili 24, Jumatano

Katibu amekwenda dukani kwa Kinyozi na barua ya kuomba radhi yenye mhuri. Kinyozi ameibandika kando ya kioo, kila mteja anasomewa.

Aprili 27, Jumamosi

Nilishinda nyumbani. Nilipika, nikaunguza.

Mei 1, Jumatano

Hakuna mvua tangu Jumatatu. Nilikuwa nachemsha nta Kinyozi alipoingia, akaweka leso mezani, akaifungua. Meno ya Mwalimu.

"Anasema upande wa kushoto," akasema.

Niliyageuza kwenye mwanga. Nimeyasawazisha polepole, kwa msasa mwembamba, saa nzima kwa kazi ya dakika kumi. Kinyozi alikaa akinitazama. Alipochoka kunyamaza, akaniambia mgeni wa Kaskazini ameandika tena. Kwa kuwa alichosikia ni beseni, anaona bado hajausikia. Anafika Ijumaa.

"Na haya nani atayapeleka?" nikauliza.

"Alisema fundi huleta kazi yake mwenyewe. Jumamosi, saa kumi."

Mei 4, Jumamosi

Mwalimu alifungua mlango mwenyewe. Alipokea leso, akageuka pembeni, akayavaa, akauma hewa. Simu nilikuwa nimeiacha nyumbani juu ya kitanda, nikamwonyesha mifuko yote miwili, imepinduliwa. Alitazama mifuko, kisha mimi.

"Yamekaa," akasema. "Wewe kaa hapo." Akaonyesha kiti cha barazani, akafunga mlango.

Nikakaa. Jua lilikuwa linakausha ukuta wa jirani na kuacha alama za maji. Kupitia kioo cha dirisha lililofungwa nilimwona Katibu na faili, mgeni mzee amevaa koti la safari, Kinyozi karibu na kabati. Nyimbo saba zilinifikia kama mtu anaongea chini ya blanketi. Nilizijua, nikazijaza mwenyewe pale zilipokatika. Wimbo wa nane uko kwenye simu ya kila mtu mji mzima, pamoja na beseni lake, ningeweza kuusikiliza muda wowote kwa kidole kimoja, nami nilikuwa nimekaa nje kwenye kiti cha mbao nikiuomba unifikie.

Wa saba ukaisha. Nikasikia sindano inainuliwa, na mlio mdogo wa kukwaruza iliposhushwa tena.

"Kuna joto humu," ilisema sauti ya Kinyozi.

Komeo likalia. Dirisha likafunguka upande mmoja, kisha wa pili, na mkono wake ukabaki kidogo kwenye fremu. Nilingoja Mwalimu aseme lifungwe.

Hakusema. Gitaa likaanza.